Kilima kilichopotea kwenye ramani

Mjukuu wangu Asende,

Huku mjini Baraka tu wazima. Bibi yako anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, huku akikutaja. Umeniuliza kwa nini nachungulia kila ramani.

Nikiwa mwanafunzi mwenye haya, nilijifunza kupima ardhi katika milima ya Fizi. Hata penye mteremko, mnyororo wa kupimia tuliunyoosha usawa kama maji, kwa hiyo kupanda na kushuka hakukuhesabiwa. Mama mmoja, tuliyempimia shamba lake la mlimani, alihesabu hatua zake, akasikia vipimo vyetu ni vifupi kuliko hatua hizo.

“Batoto ba masomo, muliniibia udongo! Mi nalima mulima, hapana karatasi!”

Fundi aliyenifundisha kupima alicheka. Mimi nilimpeleka mama kwenye vigingi tulivyopigilia, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa mpakani pake. Alitulia, kisha akaniuliza polepole, “Sasa mulima muliweka wapi?”

Ndiyo maana nachungulia ramani: bado nautafuta mlima wake.

Babu yako