Dada Hakukanyaga Kitu

Jumatatu, 4 Agosti
Sare za shule bado sijamaliza kuzishona. Kola zinanitoa jasho. Dada Mwanaidi amepita asubuhi na ndoo yake ya asali akienda sokoni, anachechemea. Kigimbi cha mguu wa kushoto kinamuuma. Eti kusimama sana. Nimemwambia apumzike, akanicheka, eti nimekuwa bibi kizee.

Jumatano, 6 Agosti
Mguu umevimba. Una joto, ukiuminya anaruka. Shangazi Tatu, dada yake baba, kafika leo kutoka Ipole. Kautazama mara moja tu. "Huyu amekanyaga."
Kwetu neno hilo linatosha. Mtu kafukia dawa njiani, wewe ukapita juu yake. Mama naye alikanyaga, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Alijifungua mdogo wetu, mguu ukavimba, siku chache baadaye akaanguka uani akifagia. Hakuamka.
Nalichukia hilo neno. Naliogopa pia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilisema hospitali. Shangazi akasema aliyekanyaga akichomwa sindano anakufa papo hapo. Dada mwenyewe kakubali kwenda kwa mganga Ipole. Wameondoka na basi la mchana.
Nimeshona kola ndani nje. Nimefumua.

Jumapili, 10 Agosti
Wamerudi. Mguu umejaa chale na dawa nyeusi, na umevimba kuliko ulivyoondoka. Dada akivuka chumba tu anahema. Kifua kinamchoma. Nimegombana na shangazi mbele za watu. Nimemtolea maneno mabaya na sijutii. Tumekodi bajaji mpaka hospitali. Wamemchoma sindano, wamemwekea oksijeni. Alinishika mkono.

Jumatatu, 11 Agosti
Mwanaidi amefariki. Alfajiri.
Siwezi.

Ijumaa, 15 Agosti
Jana tumeanua matanga. Shangazi anasema ni ile sindano. Watu wanaitikia.
Leo nimerudi hospitali peke yangu. Nilitaka kuelezwa na mtu asiye wa ukoo wetu. Daktari ni mwanamke, mpole. Damu iliganda mguuni, donge likapanda mpaka kwenye mapafu. Akauliza kama Dada alikuwa anatumia dawa yoyote. Majira, nikasema, vidonge vya kila siku vya kupanga uzazi, kaanza mwaka huu. Akauliza kama yupo mwingine kwetu aliyekufa hivyo. Nikamweleza habari za mama.
Akaweka kalamu chini. Wanawake wengi wanameza majira bila shida, akasema. Lakini zipo familia ambazo damu yao huganda upesi, mtu anazaliwa nayo. Kwao vidonge vya aina ile ni hatari, na kujifungua pia ni hatari. Bila kipimo hawezi kuapa. Ila anashuku.
Nilikuwepo siku Dada alipopewa vile vidonge. Muuguzi wa zahanati alimuuliza: kwenu kuna mtu aliyewahi kuganda damu? Dada akasema hapana. Hakudanganya. Kwetu hakuna aliyeganda damu. Kwetu watu wanakanyaga. Hata mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nisingejibu vingine.
Nimelia njia nzima mpaka nyumbani Cheyo. Watu wakanipa pole, nikaitikia.

Jumamosi, 23 Agosti
Rehema yuko kwangu sasa, binti wa Dada. Ana miaka kumi na sita. Leo tumekaa uani tunachambua maharage, nikamwambia yote, polepole. Kwamba huenda na sisi tunayo hiyo damu, mimi na yeye. Kwamba kipimo kinafanyika mbali, tutaulizia. Kwamba siku akitaka uzazi wa mpango zipo njia nyingine, asimeze tu vidonge. Na akiulizwa habari za kwetu, aseme bibi na mama walikufa kwa damu kuganda. Asiseme walikanyaga.
Alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vinaendelea kutoa mawe.
"Mama mdogo," akasema, "kwa hiyo mama angepona?"
Hapo nilitamani shangazi awe sahihi. Nilitamani iwe dawa ya njiani, kitu ambacho hakuna mtu angekiweza.
Nikamwambia, labda.
Akasema haya. Akachukua ungo, akaenda kuosha maharage.