Rubeni wa Barabara ya Kumi na Mbili

Berea, Johannesburg
9 Februari 2025

Dada yangu Mwatumu,

Shikamoo. Natumai hujambo na goti limepoa. Mimi mzima, upweke tu ndio hauna dawa hospitali. Umenikataza kupiga simu, eti ukisikia sauti yangu unalia mbele ya wateja. Basi nakuandikia ujumbe, usome ukiwa ndani.

Kazi mpya nimepata, duka la mikate na nyama kule Norwood. Mwenyewe ni Mzee Solly, Myahudi, maneno mengi kuliko mimi. Kuna mkate wao maarufu unaitwa Rubeni, na ndiyo kazi yangu. Nyama ya kidari inalala kwenye maji ya chumvi na viungo zaidi ya wiki, inachemshwa taratibu mpaka ilainike, inakatwa nyembamba. Unaipanga kwenye mkate mweusi pamoja na jibini ya matundu, kabichi iliyochachushwa na sosi, halafu unaukaanga kwa siagi huku na huku.

Kila Ijumaa wanagombana ni Rubeni yupi aliyeuanzisha. Mzee anashikilia ni muuza vyakula wa Omaha, Marekani, aliyetaka kitu cha kula akicheza karata hotelini. Shemeji yake anaapa ni mwenye mgahawa wa New York, alimtengenezea mwigizaji aliyeingia na njaa. Watu wenyewe wamekufa zamani, dada, na bado wanapiganiwa!

Mzee Solly hauli, dini yao haichanganyi nyama na jibini. Mimi siuli, nyama si halali. Anayetuonjea ni Lerato wa kaunta. Sisi tunawalisha watu tu.

Mdogo wako,
Salum


Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, Tanga
21 Februari 2025

Mdogo wangu Salum,

Marahaba, baba. Mimi sijambo, goti linapanda na kushuka kama bei ya sukari. Nimefurahi umepata kazi, ingawa ya kupika usichokula. Hayo makubwa.

Nikaona nami nijaribu. Kabichi nikaitia chumvi kwenye ndoo, nikaifunika, nikasubiri. Mayasa, jirani yangu mpya, akaja kuomba kiberiti, akatoka mbio na kanga puani. Niliporudi kutoka sokoni keshaimwaga chooni, anasema ameniokoa na sumu. Sikuweza kumgombeza. Ndiye anayenikanda goti.

Basi nimetia kabichi mbichi ya ndimu na pilipili. Mkate ni boflo letu, na jibini yako ya matundu sijaiona dukani, nimeweka yai. Nyama ndiyo nimeifuata kama ulivyosema, kidari na chumvi na subira. Ni mtamu, Salum! Ramadhani nitauuza pale kibarazani. Sijui kama bado ni Rubeni, waulize hao mabwana zako wa Ijumaa.

Nawe futari utakula na nani?

Dada yako,
Mwatumu


Berea
27 Machi 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Ramadhani inakatika, tumeifunga salama, alhamdulillahi. Natumai nyote hamjambo.

Umeniuliza nafuturu na nani. Naishi na Cédric, Mkongo, mlinzi wa usiku Midrand. Adhana ikiingia yeye keshatoka. Jumamosi nilinunua Fordsburg nyama ya halali iliyokwisha kulazwa chumvi, nikajitengenezea Rubeni kwa mara ya kwanza. Niliukata vipande viwili kama dukani. Kimoja nikala, kingine nikakiweka kwenye sahani upande wa pili wa meza, kama vile mtu anakuja. Nikaja kukila daku. Nyumbani tulikula sinia moja tukigombania ukoko, unakumbuka? Hapa hakuna wa kugombana naye.

Nina ombi, na usinicheke. Watu wakiuliza huo mkate, waambie ni wa Salum. Omaha wana mtu wao, New York wana wao, wa Tanga awe mimi. Sina mtoto pale, sina hata banda. Angalau niwe na mkate.

Mdogo wako,
Salum


Tanga
19 Aprili 2025

Salum wangu,

Natumai Idi ilikukuta mzima. Sisi hatujambo.

Mkate umeshika mtaa mzima, mpaka Mayasa naye anauuza mlangoni kwake. Anasema alifundishwa na binamu yake wa Muscat. Watu wanauita mkate wa Mayasa. Nikasimama kibarazani nikasema jamani, huu ni mkate wa Salum. Burhani wa duka la kona akauliza, "Salum yupi?" Nikamjibu, mdogo wangu. Akanitazama. "Bi Mwatumu, kumbe una mdogo?"

Huyo nimekaa naye mtaa mmoja miaka sita. Waliokujua, baba, wengine tumewazika, wengine wamehamia kwa watoto wao. Nilitaka nikufiche, nikashindwa. Nimeumia sana.

Dada yako,
Mwatumu


Tanga
30 Juni 2025

Salum,

U mzima? Naona umesoma ujumbe wangu, hujibu. Nimekuandikia tena mwezi wa tano, kimya. Kununa nakuruhusu, lakini niambie kwamba upo.

Tangu siku ile nakutaja kila jioni, wateja wakitaka wasitake. Jana Najma, binti wa Mayasa, akaniuliza, "Bibi, huyo Salum yukoje?" Nikaanza: mwembamba, ana mwanya, hana hata ndevu. Nikakwama. Huyo ni kijana aliyeondoka hapa ana miaka ishirini na mbili, nawe sasa wakaribia arubaini. Nimeogopa, mdogo wangu. Nitumie picha ya leo.

Dada yako,
Mwatumu


Berea
13 Julai 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Baridi ya huku imenishika, ila nipo.

Lerato alinipiga picha dukani. Akasema, "Eish bhuti," yaani kaka, "mbona umekaza uso kama askari?" Nikaitazama. Mvi zimeingia, mashavu yamejaa, na ule mwanya nilikwisha kuuziba. Nikaona hata wewe ungenipita barabarani. Nimeifuta.

Nakuja, dada. Kesho napanda basi la Lusaka, kisha Dar. Karatasi zangu ziliisha muda zamani. Mpakani watanigonga muhuri wa marufuku, na huku sitarudi tena. Mzee Solly nimemwambia. Akaniuliza nani sasa atamkatia nyama. Miaka yote hii, na nilipofunga mzigo hapakuwa na mwingine wa kumuaga ila Cédric, naye alikuwa amelala.

Usimwambie mtu. Jioni moja utaona mtu mzima amesimama mbele ya meza ya Mayasa, anauliza mkate huu ulianzia wapi. Muache Mayasa aeleze hayo ya Muscat mpaka amalize. Halafu niite kwa jina langu, kwa sauti, Burhani asikie mpaka dukani kwake.

Mdogo wako,
Salum