Kipenyo na Upenyo

Machi 4

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mpwa wangu hajambo? Sisi wazima. Mama miguu bado inamvimba, ila hii nyumba ya kampuni haina ngazi, anajikokota mwenyewe hadi bafuni.

Dada, nimekwama. Meneja anataka nifunge mita kwenye bomba lililo ndani ya bomba. Mafuta yanapita polepole katikati ya hayo mawili, na yakiingia tu yanakuwa hayajatulia. Nikadirie yanatulia baada ya umbali gani, mita ikae hapo. Nikikosea sithibitishwi kazini, na nyumba inakwenda. Kasi na uzito wa mafuta viko nyuma ya karatasi, pamoja na mchoro. Kipenyo ni milimita kumi.

Nisaidie, wewe ndiye mwenye kichwa kwetu. Yale ya mimi kumdokezea meneja mimba yako, ukaachishwa kazi nikapewa kiti chako, nadhani tulishayacheka yakaisha. Ulikuwa mdomo tu.

Mdogo wako

Machi 9

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Msalimie Mama.

Kwa kipenyo ulichoandika, ni sentimita ishirini. Funga hapo.

Dada yako

Aprili 2

Dada,

Shikamoo. Hata hali sijui niiulizeje. Mita inasema uongo tangu siku ya kwanza. Mapipa yametoka pungufu, wateja wamerudisha lori zima, nimesimamishwa.

Nimerudia kupima mwenyewe. Ile kumi ilikuwa upenyo, nafasi kati ya bomba na bomba. Kipenyo cha kukokotolea ni mara mbili yake. Niliandika kipenyo nikimaanisha upenyo. Ni herufi tu, Dada. Lakini mchoro si uliuona? Tafadhali mwandikie meneja, mwambie tulikosea wote. Mama analia.

Mdogo wako

Aprili 6

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, tena siku hizi napata usingizi mzuri.

Mchoro niliuona kabla hata sijakaa. Upenyo ukiuita kipenyo, na kasi ni ileile, jibu linatoka robo ya linalotakiwa. Nilikokotoa yote mawili, nikanywa chai, nikakutumia lile dogo. Uliandika kipenyo, nikajibu kipenyo. Ulikuwa mkono tu, kama ule mdomo wako.

Siku ile nilitoka getini na tumbo la miezi sita na boksi la vitu vyangu, na wewe ukanishikia mlango huku unacheka. Nilikuchukia palepale, na bado nakuchukia.

Meneja nimeshamwandikia, ondoa shaka. Nimemwambia ni sentimita themanini, akanipigia simu siku hiyohiyo. Naanza kazi Jumatatu, na nyumba inakwenda na kiti.

Mama asijisumbue kufungasha, nahamia hapohapo alipo; miguu yake haiziwezi ngazi za huku kwangu. Fungasha vyako tu. Ufunguo mwachie mlinzi.

Dada yako