Umemsamehe Kosa Gani?

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya magari.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima, kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya huko umeizoea. Huku tunapumua. Mama mguu umepungua uvimbe, anatembea hadi mlangoni na kurudi akilalamika njia nzima, kwa hiyo ujue hajambo. Salamu zimeishia hapo. Nimezitoa kwa sababu tulilelewa na mama mmoja, si kwa sababu moyo wangu ni mweupe kwako.

Wifi amenisomea ujumbe wako. Unasema umemsamehe Chiriku na sasa anaweza kurudi nyumbani. Nimeshinda na maneno hayo wiki nzima kazini, nikipiga pasi mashuka ya hoteli, na bado sijapata jibu: umemsamehe kosa gani? Hukuwepo, na waliokuwepo wamekupa habari nusunusu. Basi mimi nitakupa nzima, na uisome ukiwa umekaa.

Binti yako alianza kukosa siku zake mwishoni mwa mwaka jana. Hakumwambia mtu. Unaijua nyumba yako; neno hedhi likitamkwa humo, watu wanatazama dari. Alidhani ni uchovu wa chuo, baadaye akadhani ni mawazo, mwisho akaogopa kuulizwa maswali. Mtoto tuliyempa jina la Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo, alinyamaza miezi yote hiyo. Kichwa kikamuuma karibu kila siku, akawa anameza vidonge vya dukani na kwenda darasani.

Siku moja wifi, akichambua nguo za kufua, aliona blauzi ya mtoto ina madoa kifuani. Akamwita chumbani, akamkagua. Yalikuwa maziwa. Badala ya kumshika mkono ampeleke hospitali, akakimbilia simu kukupigia wewe. Tena akaweka sauti kubwa, sebuleni, mdogo wetu mwenye bucha yuko pale na shoga yake jirani yuko pale.

Hukuuliza swali hata moja. Maneno yako nimeyapata kwa wote watatu, na yanafanana: "Maziwa hayatoki bure. Huyo amezaa na mtoto amemtupa. Mtoeni kwangu, na chuoni asirudi."

Chiriku akasema, "Baba, mimi sijamjua mwanamume."

Ukamjibu asikuite baba.

Unajua kilichofuata? Mwenye bucha alichukua jembe akaenda kuchimba nyuma ya choo. Mchana kweupe, majirani wamejaa madirishani. Alikuwa anatafuta maiti ya mtoto ambaye hajapata kuwepo duniani, na binti yako amesimama pale na mfuko wake wa nguo, anamtazama baba yake mdogo akifukua. Akatoa ndoo iliyopasuka na kiatu cha zamani. Hakuna aliyesema samahani. Alirudisha udongo, akanawa mikono, akaenda kuuza nyama.

Mtoto akaja kwangu. Wakati anapanda ngazi alijigonga bega ukutani, nikadhani ni machozi. Lakini hata alipotulia, nilimpa kikombe kwa upande hakukiona, mpaka nilipokileta mbele ya uso. Nikamuuliza umeanza lini hivi. Akasema hata mwalimu wake wa ufundi umeme humgombeza, akimnyooshea koleo kutoka pembeni hapokei, anadhani ni dharau. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Asubuhi nilimwomba msimamizi wangu ruhusa, akanipa huku amenuna, nikampeleka hospitali.

Tulipokewa na daktari wa kike, mtu asiye na maneno mengi. Alipima mkojo, akapima damu, akamlaza kitandani akatazama kizazi kwa mashine. Kisha akanigeukia. "Huyu hana mimba na hajapata kuzaa. Nani alisema amezaa?"

Nikamwambia, "Baba yake."

"Ni daktari?"

"Ni fundi bomba."

"Basi abaki na mabomba yake," akasema, akaendelea kuandika.

Sasa nisikilize, Kaka, maana una mke na mabinti na hujawahi kujua miili yao inaendeshwa na nini. Mimi pia nilidhani hedhi inaanzia tumboni na kuishia tumboni. Kumbe amri inatoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Kila mwezi hiyo tezi hutuma homoni kwenda kwenye ovari, yai likomae. Yai likikomaa, ovari nayo hutoa homoni yake, estrojeni, inayotandika kitanda ndani ya kizazi. Katikati ya mzunguko tezi hupiga kelele nyingine, yai linatoka. Halafu inakuja projesteroni, kazi yake kukishikilia kile kitanda, mgeni akija akute pa kulala. Mgeni asipokuja, homoni hizo mbili zinashuka, kitanda kinabomoka, na hiyo ndiyo damu mnayoionea haya nyinyi wanaume mlioletwa duniani nayo.

Tezi ya binti yako imeota uvimbe. Si saratani. Lakini ule uvimbe ulikuwa unamwaga homoni ya maziwa, prolaktini, ile ambayo mama anayenyonyesha huwa nayo kwa wingi. Mwili wake ukadanganyika kwamba una mtoto kifuani, ukatengeneza maziwa. Na kichwa kikiamini hivyo, hakitumi tena amri ya kukomaza yai. Ndiyo maana siku zake zilikatika. Uvimbe wenyewe ulikua ukaikandamiza mishipa ya macho inayopita juu yake, ndiyo maana haoni pembeni. Picha ya kichwa ilionyesha yote. Mtoto wako alikuwa anaelekea upofu, na nyinyi mkamtafutia maiti nyuma ya choo.

Chiriku alisikiliza hadi mwisho, akamuuliza daktari jambo moja tu. "Unaweza kuniandikia kwamba sikuzaa?" Daktari aliweka kalamu chini, akatazama dirishani kwanza, ndipo akaandika. Mimi nilishindwa hata kumtazama mtoto.

Alianzishiwa vidonge. Upasuaji haukuhitajika, uvimbe unasinyaa kwa dawa. Maumivu ya kichwa yalitangulia kuondoka, kisha maziwa yakakauka. Mwezi uliopita nilikuwa napika, akatoka bafuni akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Shangazi, zimekuja." Tulikumbatiana kama watu waliopata barua ya ajira. Amerudi chuoni, mkuu wa chuo alipoelezwa alimpokea bila neno. Macho yamefunguka, isipokuwa pembeni mwa jicho la kushoto bado pana giza, na daktari haahidi kwamba patafunguka.

Wifi alikuja. Alikaa kwenye ngazi zangu kutwa nzima hadi mtoto alipomwambia apande. Wanaongea, kidogo kidogo. Mwenye bucha alituma maini. Chiriku aliyarudisha vile vile yalivyofungwa, na mimi nilikuwa nayatamani.

Umebaki wewe. Wewe unayesamehe. Hakuna mtu huku anayengoja msamaha wako, na kurudi nyumbani mtoto harudi mpaka atake mwenyewe. Ukija likizo, usije kwangu na masanduku ya zawadi ukidhani mlango utafunguka.

Mama anakusalimu, hajaambiwa kuhusu jembe na usimwambie. Bibi wa upande wa wifi anakusalimu. Mabinti zako wawili wadogo wanakusalimu, na yule wa katikati ameanza kuvunja ungo. Safari hii ameambiwa ukweli, na mimi ndiye niliyemwambia. Mwenye bucha simtumii salamu wala sizipokei kwake.

Mungu akulinde na mabaya, akupe afya, na akupe haya.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kukupenda kumeniwia kazi ngumu mwaka huu, lakini sijaiacha.

Nilitaka kufunga bahasha, nikaongeza hili. Siku ile ulipomkana, alikupigia simu akiwa kwenye ngazi zangu, akapiga tena na tena, kumbe ulikwisha kuifungia namba yake. Hadi leo ameihifadhi namba yako kwa jina la Baba. Ifungue yake.