Waya Chini ya Sufuria

Tarehe 2 Machi

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hivi miguu yako imekatwa, au huko chuoni wamekufunga kwenye mguu wa meza? Mvua zimekuja, zimekwenda, zimekuja tena, na mimi hata kivuli chako sijakiona. Watu wakiniuliza uko wapi, nawaambia yuko na nyota. Nyota zina bahati, zinatembelewa.

Haya, marahaba, maana najua ungeniamkia. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonuna asubuhi. Wewe je? Unakula? Usinidanganye.

Anayeniandikia ni jirani yetu fundi viatu, yule mwenye mdomo kama kiatu kilichoachia soli. Anasema hilo haliandiki. Nimemwambia andika, ama sivyo chai yangu utaisikia harufu tu.

Waya wako uko salama. Yule mwenzako uliyemtuma, mrefu kama mwiko, aliufunga vizuri kutoka nguzo ya kamba ya nguo hadi paa la jiko, na kisanduku chake kiko chumbani juu ya kabati. Aliniambia, "Bibi, usiuguse." Naulinda kama yai. Ile kadi ya kisandukuni nimempa dereva wa lori la mbao akuletee, kama zile nyingine.

Ila ukweli nakwambia, naogopa. Waya mtupu juu ya ua, na ua ni uleule. Babu yako alipigwa na radi pale getini, jembe begani, na wewe mtoto umesimama mlangoni na kikombe chake cha maji. Mawingu yakianza kukusanyika, macho yangu yanakimbilia ule waya. Sijui unasikiliza nini huko juu. Mimi nilishasikia vya kutosha.

Bibi yako

Tarehe 19 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Mimi mzima, nakula, na mwambie fundi viatu namsalimu na soli yake.

Bibi, nina jambo. Chuo kinatoa ruzuku ndogo za utafiti kwa sisi tunaosoma mambo ya anga za juu. Ruzuku ni chache, waombaji tumejaa ukumbi. Nimeomba. Nikiikosa, muhula ukiisha natoa vitu vyangu maabara, na masomo yangu yameishia hapo.

Waya ulio kwako unasikia minong'ono ya redio inayotoka kwenye jua. Ukiiweka masikioni ni kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu. Sasa sikiliza: kwenye kadi zako, ambazo huhifadhi sauti hizo, kila mara kabla ya radi, minong'ono inakatika. Kabisa, kama mtu kazima taa. Mvua ikiisha, inarudi. Nyaya za wenzangu hazijawahi kuonyesha kitu kama hicho. Msimamizi wangu aliutazama mchoro akasimama, akakaa, akasimama tena. Akasema, "Ombi lako ndilo hili." Basi nimeandika hivyo: anga hunyamaza kabla ya dhoruba.

Nitaitwa mbele ya jopo la watu watano. Naogopa, Bibi. Naota nafungua mdomo, unatoka moshi tu. Niombee.

Mjukuu wako

Tarehe 28 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimesomewa mara mbili, mara ya pili nikamnyamazisha fundi viatu nilie vizuri. Goti limenyooka kwa furaha. Hao watano usiwaogope, nao wakiumwa na mbu wanajikuna.

Na waya usiuhofie, radi haitaukuta. Mimi nikiona wingu jeusi limeinua kichwa tu, nachukua ile fimbo yangu ndefu ya kuangulia mapapai, naushusha, naukunja, naufunika na sufuria kubwa ya maji ya kuoga. Ngurumo ikija inakuta ua mweupe. Mvua ikikata, naurudisha palepale. Nami sijavunja neno la mwenzako: siugusi, naushika kwa kitambaa.

Wewe soma. Kuulinda ni kazi yangu.

Bibi yako

Tarehe 6 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sikusalimu. Nani anausalimu ukuta? Lori la mbao limepita, limerudi, limepita, na dereva ananionyesha viganja vitupu.

Fundi viatu ameichukua tena barua yako, akaisoma kimoyomoyo, akanitazama. "Bibi," akasema, "huo ukimya wa anga, si ndiyo sufuria yako?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

Kama nimekuharibia, nitukane. Matusi nayapokea, yana sauti. Hiki kimya ndicho kinachoniua. Najiambia umefukuzwa, najiambia unaumwa, najiambia mengine ambayo fundi viatu simruhusu ayaandike. Kama umeanguka, angukia huku.

Bibi yako

Tarehe 20 Mei

Shikamoo Bibi. Mimi mzima, na sijafukuzwa. Kuwa na subira, nisome mpaka mwisho.

Barua yako ya sufuria ilinikuta kwenye benchi, nje ya chumba cha jopo, nikingoja zamu yangu. Nilipofika kwenye fimbo ya mapapai, nikarudi juu nikaisoma upya. Msimamizi alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akaninong'oneza, "Ikunje. Ingia. Nani atajua?"

Niliingia. Nikafungua mdomo niseme anga hunyamaza, nikakuona wewe na kitambaa chako. Nikasema, "Nilichoandika si kweli. Hakuna anga lililonyamaza. Ni bibi yangu."

Mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Wengine hawakucheka. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkavu, akauliza, "Na kwa nini anaushusha?" Nikawaeleza habari ya Babu. Sikuwahi kumweleza mtu.

Ruzuku hawakunipa, wala hawakuninyima. Wanataka kadi mpya, yenye dhoruba ndani na waya ukiwa juu, kabla muhula haujaisha. Msimamizi hanisemeshi.

Nimechelewa kukuandikia kwa ajili ya hili ninaloliomba. Atakuja fundi umeme azamishe chuma ardhini na kuufunga waya humo, ili radi ikija ishuke chini, isiingie ndani. Ilipasa tufanye hivyo tangu mwanzo. Wewe ulikuwa na haki ya kuogopa. Wajinga ni sisi. Akishamaliza, Bibi, mawingu yakija uuache.

Naona haya kukuomba. Mimi mwenyewe kukinguruma huku naingia chini ya meza ya maabara. Wenzangu wanadhani natafuta kalamu.

Mjukuu wako

Tarehe 3 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Umeniponya, mwizi wa usingizi wangu wee. Hao watano uliwaambia vizuri. Msimamizi wako mwambie akija hapa atakaa kwenye kigoda kibovu.

Fundi umeme kaja, kazamisha chuma chake, kala chakula cha watu wawili, kaenda. Juzi wingu likainuka. Nikasema leo sitoki. Nikapanda kitandani, nikajifunika. Ngurumo ya kwanza, nikashika mbao za kitanda. Ya pili, nikajikuta uani na fimbo mkononi, sijui nani kanipeleka. Nimeushusha. Sufuria juu ya waya, na mimi nimekaa juu ya sufuria, nimelowa chapachapa. Fundi viatu anataka aandike kwamba nilijaribu. Asikudanganye. Nilishindwa.

Sasa nisikilize. Wewe uko chini ya meza, mimi niko juu ya sufuria. Unadhani sijui kwa nini huji? Najua tangu zamani, nikajifanya natania miguu. Siku ile ulimwita, "Babu, njoo unywe maji." Nawe umebeba neno hilo mpaka chuo kikuu. Mtoto wewe, alikuwa anarudi kwake! Kalima, kachoka, na jembe liko begani. Angepita geti lile hata ungekuwa bubu.

Mvua hazijaisha. Njoo. Fimbo nimempa fundi viatu akae nayo kwake. Wingu likija tutapanda kitandani wawili, unishike nikushike, na sufuria tutaitekea maji.

Na ukishuka barabarani, usizungukie uzio wa nyuma kama ulivyofanya siku ya mazishi. Pita getini. Mimi nitakuwa mlangoni na kikombe, na nitakuita kwa sauti. Uje unywe.

Bibi yako