Dada Somoe, Rudi Maabara

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua hupendi nikuamkie hivyo, unasema nakuzeesha. Leo nivumilie, maana mbele nitakuambia jambo ambalo mdogo hamwambii mkubwa wake, na ni bora nianze na heshima.

Simu hupokei tangu Ijumaa. Mama amejaribu na mimi nimejaribu. Hata ungepokea, unanijua, ningesema "nzuri, nzuri" mpaka salio liishe. Nikiandika huwa nafika mwisho wa sentensi.

Siku hizi naikumbuka sana likizo yako ya kwanza ya chuo. Ulirudi Newala na begi moja na redio mbovu uliyopewa na mwenzako wa bweni, ukatangaza kwamba tunafungua maabara. Chumba chenye soketi nzima kilikuwa stoo peke yake, na humo ndimo mama alimopanga madumu yake yote ya maji. Ukamwambia kwamba kabla hatujachomeka chochote, madumu yatoke.

"Maji yangu yakae nje, redio ikae ndani?" mama akauliza. "Somoe, huko chuoni mnafundishwa nini hasa?"

"Hicho hicho, mama. Maji na umeme havilali chumba kimoja."

"Newala hii, mwenye maji ndiye mwenye nyumba. Umeme wenyewe unakuja kama mgeni, na hauagi ukiondoka."

Lakini alitusaidia kuyatoa, kisha akakaa mlangoni kuyalinda na mbuzi wa jirani, anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, huku anatuchungulia. Ulinivua kandambili ukanivalisha viatu vya shule. Mtandio wangu uliufunga kisogoni, ncha zake zisije zikaangukia chuma cha kulehemu. Nilipoleta chai ulinirudisha nayo mlangoni kama askari. Kisha ukanipeleka kwenye swichi kubwa ya nyumba, ukaniambia nifumbe macho, nitoke stoo mpaka pale kwa kupapasa ukuta na niizime. Niligonga kabati, nikagonga mlango. "Rudia," ukasema. "Siku ya moshi macho hayatakusaidia."

Mama alicheka mpaka ming'oko ikamtoka mapajani. "Maabara gani hii yenye kuku?" Kweli, kuku alikuwa amepita chini ya meza.

"Huyo ameingia bila viatu," ukajibu. "Mtoeni."

Sijasahau ulivyonifundisha kapasita, kile kidude cha ndani ya redio kinachotunza umeme. Ulisema ni kama dumu: ukifunga bomba, maji yaliyokwisha kuingia hayaondoki. Vivyo hivyo ukichomoa waya ukutani, umeme uliomo ndani bado umo, unasubiri kidole. Ni lazima umwagwe kwanza. Nikakuambia basi hicho ndicho kitu pekee katika nyumba yetu kinachoruhusiwa kumwagwa, ukacheka ukasema nikaandike vitabu. Redio ilikoroma kidogo, ikanyamaza moja kwa moja. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilikuwa nimekaa meza moja na wewe alasiri nzima, na hukuniambia hata mara moja kwamba mimi ni mtoto.

Nilipokusindikiza Masasi tulilala kwa shangazi, Mkomaindo. Asubuhi stendi ilijaa watu na mizigo, nikaona aibu kulia mbele yao. Ukanishika bega, ukasema nisome fizikia kwa bidii. Basi likaondoka na mimi nikabaki natazama vumbi lake, nikiwaza kwamba wewe ndiye mtu jasiri kuliko wote ninaowajua.

Kwa hiyo Alhamisi ulipopiga, ukaniomba nitoke nje mama asisikie, sikuitambua sauti yako. Ulisema mtaalamu wa maabara alikuwa na haraka. Alichomoa pawasaplai ya kompyuta, lile boksi linaloilisha umeme, mfuniko ukiwa wazi, akakunyooshea ukaipeleke meza ya pili. Wewe ukaipokea kama ulivyopokea kila kitu tangu tulipojifunza kutembea: kwa mikono miwili, na magoti umeyakunja kidogo. Vidole vyako viligusa ndani, mkono huu na mkono ule. Ulijikuta umeangukia stuli, mikono imekufa ganzi. Mwenzako mmoja akapiga kelele, "Wa kusini kaogopa boksi!" Wote wakacheka. Nawe ukacheka, ukasema umeteleza.

Hukumwambia mtu. Ukaniambia tu kwamba ukifika mlango wa maabara miguu inakataa, na kwamba utaomba kuhamia kozi isiyo na meza za umeme. Kisha ukakata.

Dada, nilimwambia mama. Najua hukutaka.

Akauliza polepole, "Kwa hiyo adabu yangu ndiyo iliyompiga mwanangu?"

Sikuwahi kumwona hivyo. Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwa mfano wako wa dumu, kwamba kitu kile kilipaswa kumwagwa umeme kwanza, mfuniko ufungwe, kisha kiwekwe mezani na mwingine akichukue hapo mezani. Kosa lilikuwa kukitoa kabla hakijawa salama, siyo namna ulivyokipokea. Alitikisa kichwa tu.

"Arudi nyumbani," akasema. "Korosho hazipigi shoti."

Nilidhani yameisha. Kesho yake tulikuwa tunapalilia muhogo, akasimama ghafla, jembe mkononi.

"Huko darasani kwao kuna watoto wengine wa huku?"

"Wapo, mama. Na mwakani watakwenda wengine."

"Nao wamefundishwa kupokea kwa mikono miwili?"

"Nani hakufundishwa, mama?"

"Na dada yako amewaambia wakubwa wa pale?"

"Hapana."

Hapo ndipo alipokasirika, na alikukasirikia wewe. "Mwambie akaseme. Kurudi atarudi akitaka, nyumba ni yake. Lakini akinyamaza, atakayepigwa kesho ni mtoto wa mwenzangu."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mimi na wewe tumefanana, dada. Ni afadhali tuumie kuliko watu wageuke kututazama. Mimi naweza kujua jibu la swali la fizikia na nisinyooshe mkono, nikamsikiliza mwingine akilikosea. Siwezi kukucheka kwa kuogopa mlango. Lakini mwaka kesho kutwa, nikijaliwa kufika chuoni hapo, mtu aliyekunyooshea lile boksi anaweza kuninyooshea mimi, na unajua nitakavyolipokea.

Kwanza nenda zahanati ya chuo wakupime, hata kama ganzi imekwisha. Umeme ulikupita kifuani, siyo jambo la kusema "nimepona". Kisha Jumatatu nenda kabla wenzako hawajafika, wakati mtaalamu yule anafungua mlango, mkiwa wawili tu. Usiandae hotuba. Mwamkie, halafu useme: "Ile pawasaplai ilikuwa bado na umeme. Ilinipiga, na sikusema." Mwombe awaambie darasa zima kwamba vitu vile havitolewi mkono kwa mkono, vinawekwa mezani vikiwa vimemwagwa umeme na kufungwa. Akikasirika, simama hapo hapo. Akikuomba radhi, pokea radhi yake.

Miguu ikikataa kuingia baada ya hapo, sitakulaumu. Hama kozi ukitaka, nami nitakutetea kwa mama mpaka achoke. Naomba tu usihame kimya kimya, ukaliacha lile boksi juu ya meza likimsubiri mtu mwingine.

Hapa nakuaga, nina zamu ya kufagia darasa. Usinijibu kabla hujakwenda. Huenda ulikuwa wa kwanza kupigwa na kitu kile, huenda walikuwapo wengine nao wakacheka wakasema wameteleza. Ukisema Jumatatu, dada, wewe utakuwa wa mwisho.

Mdogo wako akupendaye,
Nyumbani, Newala.