Jini la Mikdad

"Mikdad, umeniaibisha mbele ya wifi yangu." Mwanamkasi huyo, barazani kwake, mtaa mzima unasikia. Shoga, niliacha kufua nikasogea.

Si unalikumbuka lile gemu la kutisha la kompyuta analolitengeneza jirani yake Mikdad, linalotoka sura baada ya sura? Sura ya kwanza jini halikuonekana kabisa. Unasikia mitawanda tu, vile viatu vya mbao, nyuma ya mlango, ko, ko, ko. Mwanamkasi akaitupa mitawanda yake ya bafuni, na wiki nzima mumewe akawa anamsindikiza chooni.

Basi leo ni sura ya nne. Mwanamkasi kamwita wifi yake kutoka Msata aje atetemeke.

Jini likatokea kwenye skrini. Mchana kweupe, limekaa kitini, linaeleza maisha yake kama limeitwa kwa mjumbe. Nusu saa nzima linajieleza. Jini, shoga. Linajieleza.

Wifi mtu akageuka taratibu. "Hiki ndicho kilichokufanya usindikizwe chooni?"

Mwanamkasi hakuwa na pa kuuweka uso.

Na Mikdad bado analitetea, eti hatujaelewa, jini lina machungu yake.

"Machungu gani? Mwanzo lilinitisha kwa mitawanda tu. Sasa linataka nilibembeleze."

Mikdad kanywea, anakunja nyaya za gemu lake aondoke. Pweza wa nazi keshapakuliwa. Mwanamkasi akamtazama, akamtazama wifi yake.

"Ingia ule, Mikdad. Na jini lako lije, kwa maneno yale litakuwa na njaa."

Wifi mtu ndiye aliyecheka wa kwanza, akamsogezea mkeka.